Kiazi Kilichokuja Sokoni na Kichwa Chake

Jumamosi iliyopita nilienda soko la Jericho kununua nduma za chai ya asubuhi, nikarudi nyumbani na kitu kingine kabisa, na tangu siku hiyo sijatulia. Nitakueleza kwa nini. Nitakwenda polepole, kwa sababu nikiharakisha hutaelewa mtu mzima anawezaje kusimama katikati ya soko ameshika kiazi kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa.

Mama anayeniuzia nduma ni mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana nampenda. Siku hiyo, kando ya nduma zake, alikuwa ametandaza gunia la viazi vikuu. Unavijua? Ni vile virefu, vyeusi kwa nje, vyenye ngozi iliyokwaruzika kama gome la mti. Havionekani sana huku Eastlands ya Nairobi. Nilichukua kimoja kwa furaha, nikakigeuza ili nione mkato wake mweupe pale juu. Hapakuwa na mkato. Palikuwa na kichwa.

Kama hukukulia kwetu, neno hilo halikwambii chochote, kwa hivyo ngoja nikueleze. Kichwa ni sehemu ya juu kabisa ya kiazi kikuu, ngumu kama kuni, yenye vijizizi kama nywele, mahali ambapo shina linatokea. Kwetu kichwa hakitoki ardhini. Unakata kiazi chini yake, unakiacha kichwa palepale, unarudisha udongo, nacho kinazaa tena mwaka unaofuata, na mwaka mwingine, na miaka ambayo wewe mwenyewe hutakuwepo. Mtu anayeng'oa kichwa hana nia ya kurudi. Kwa hivyo kiazi kikuu kikionekana sokoni na kichwa chake, mtu wa kwetu hawazi kuhusu bei. Anajua kwamba mahali fulani kuna boma limefungwa.

"Mama, hicho si mtoto," muuzaji akaniambia. "Nipe nikupimie."

"Kimetoka wapi?"

"Kwa lori."

"Na lori?"

"Si huko kwenu Meru? Niliskia hiyo Kiswahili yako siku ya kwanza, nikasema huyu ni wa milimani."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua viazi vitamu akacheka. "Mwachie aongee nacho. Kikijibu, mtuite."

Nilicheka nao, kwa sababu ndivyo mtu afanyavyo. Nikanunua kile kiazi. Mkono wangu ulikuwa umekishika pale shingoni na haukutaka kukiachia.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Zamani, kabla hapajakuwa na mtu wa kusimulia, milima ile ilitema moto, na karibu kila kitu tulichokigusa utotoni kilitoka kwenye moto ule. Udongo ulikuwa mwekundu na mwororo, ukiushika asubuhi ulikuwa kama unga uliokandwa kwa maji kidogo. Mawe yetu yalikuwa mepesi, yamejaa matundu, na kila nyumba ilikuwa na moja karibu na karai la kuogea, la kusugulia visigino Jumamosi jioni ili mtu asiende kanisani na miguu ya shambani. Nilipokuja Nairobi nikakuta watu wanayanunua mawe hayo barabarani, nilidhani wananitania.

Nyuma ya boma letu palikuwa na kilima kidogo cha mviringo, na juu yake palikuwa na shimo pana kama bakuli, lenye nyasi ndani. Tulikuwa tukiwapeleka ndama humo. Ndama akishaingia kwenye bakuli hana pa kupotelea, kwa hivyo sisi tulilala kwenye ukingo tukitafuna mabua ya mtama na kutazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Mwalimu wetu wa darasa la nne alichora volkano ubaoni, akaona hatujaelewa, akatutoa nje na kutuonyesha kilima chetu kwa rula. "Mnakaa kando ya sufuria iliyopoa," alisema. "Shukuruni mpishi ameenda." Kwa wiki nzima hakuna mtoto aliyekubali kupeleka ndama juu.

Mvua ya kwetu ilikuwa nyingi, lakini ardhi ile iliinywa yote mara moja, haikuacha hata dimbwi. Maji ya kisima yalikuwa chini kabisa ya mteremko. Ndiyo maana mvua ikianza tu, kila mtoto alikimbilia mti wake. Tulifunga jani la mgomba kwenye shina ili maji yanayoteremka kwenye gome yageukie kwenye mtungi. Hata leo, nikisikia mvua ikipiga mabati ya jirani hapa Mowlem, miguu yangu inashtuka kwanza, kisha ndipo ninapokumbuka kwamba sina mti.

Mti wa nyanya yangu ulikuwa mringaringa, uliosimama pale kilima kinapokutana na shamba. Chini yake babu alipanda kiazi kikuu mwaka aliomuoa nyanya. Ndiyo ilikuwa desturi. Mwanamume akioa anachagua mti, anapanda, na mmea unaupanda mti ule kama unavyopanda ngazi, hadi juu. Kuanzia hapo kuchimba ni kazi ya mwanamume. Lakini babu alifariki kabla sijazaliwa. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mbali, akija nyumbani mara moja kwa miezi mingi. Baba mdogo wakati ule alikuwa kijana, na alichimba kwa pupa kiasi kwamba nyanya hakuweza kumtazama. Basi nyanya akachimba mwenyewe.

Watu walisema. Jirani yetu mzee, aliyekuwa rafiki ya babu, alisimama kwenye ua kila alipomwona amelala ubavu chini ya ule mti.

"Shemeji, siku hizi umeota ndevu?"

"Zimeota," nyanya alijibu bila kuinua kichwa. "Nimezinyoa kabla hujaamka."

Akanifunza mimi, mtoto wa kike, mjukuu wake wa pekee aliyekuwa karibu. Jembe halitumiki, kwa sababu jembe halioni. Unatumia kijiti kigumu kilichochongwa bapa. Kwanza unapaka mkono majivu, kwa kuwa utomvu wa kiazi kikuu unawasha mpaka usiku mtu akakosa usingizi. Unalala ubavu, unachimba kando ya shina taratibu, unaingiza mkono hadi kwapani, na unasikiliza kwa vidole. Kiazi ni laini na baridi. Kichwa ni kikavu na kina nywele. Ukivipata vyote viwili, unapima upana wa kiganja chini ya kichwa, na hapo ndipo unapokata. Kisha unarudisha udongo, majani makavu ya mgomba, na kapu la samadi. Haya yote yafanyike haraka. "Kichwa kisione jua," nyanya alikuwa akiniambia, akisimama yeye mwenyewe upande wa jua ili kivuli chake kianguke juu ya shimo.

Kiazi kilipikwa kwenye chungu kwa saa nyingi, kimefunikwa na majani. Kilipoiva kilipasuka, cheupe, kama unga uliojishikiza, na mvuke wake ulikuwa na harufu ya mvua. Tulikila na chai bila sukari. Sitajaribu kukueleza ladha yake, nitakosea.

Nilikuwa na miaka kumi hivi nilipofanya kosa langu. Baba mdogo alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa msichana walikuwa waje kutuona. Nyumba isiyo na kiazi kikuu haikaribishi wageni wa aina hiyo. Asubuhi ile nyanya aliamka na homa, meno yakigongana, akaniambia nimwite jirani atuchimbie. Sikumwita. Nilifikiri juu ya ndevu, na juu ya yale maneno ya kwenye ua, nikataka nyanya aamke akute kazi imekwisha na imefanywa na mimi.

Nilipaka majivu. Nililala ubavu. Nilichimba vizuri, nakuambia kweli, mpaka nilipoingiza mkono na kusikia sauti za wageni kwenye njia. Hapo nikashika kitu na kuvuta. Nilivuta kwa mikono yote miwili, miguu nimeikita kwenye shina la mti, na kiazi kikatoka kizima, kirefu kuliko mguu wangu. Nikakibeba begani hadi kitandani kwa nyanya.

Alikitazama. Nikasubiri sifa.

"Umekileta na kichwa," akasema.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenipiga. Alishuka kitandani, akajifunga leso mabegani, akatembea hadi kwenye mringaringa akitetemeka, mkono mmoja begani kwangu. Palikuwa na manyunyu. Alikata kile kichwa pamoja na nyama ya upana wa kiganja, akapaka majivu kwenye kidonda, akakirudisha shimoni, akakifunika kwa mikono yake mwenyewe. Kilichobaki alikipika, akawakirimu wageni, nao wakasifu. Yeye hakula. Nilimwona akipitisha sahani bila kuchukua kipande.

Kwa miezi mingi nilipita pale kila asubuhi kabla ya shule. Shina la zamani lilinyauka kwenye mti, likawa kama kamba iliyosahaulika. Nilitaka kufukua nione. "Usikisumbue," nyanya alinikanya. "Wewe nenda shule." Kiangazi kikapita. Mvua ilipofika wiki ya pili, nilikuta chipukizi limetoka kwenye majani makavu, la zambarau, jembamba kama mkia wa panya. Nilikimbia hadi jikoni nikipiga kelele kwamba kiazi cha babu kimenisamehe.

Nyanya alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. "Kiazi hakijui kusamehe, mtoto wangu. Kimerudi kwa sababu udongo wake ulikuwa bado pale."

Kwa miaka yote hii nimeyachukulia maneno yale kama faraja. Nimewaambia hata wanangu: mtu akikosea, mradi udongo upo, mambo hurekebishika. Mimi hufundisha watoto wa chekechea huko Kariobangi, na tukipanda maharagwe kwenye makopo huwaambia hivyohivyo wale ambao kopo lao limegoma. Sikuwahi kufikiria upande wa pili wa maneno hayo.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimpigia simu baba mdogo. Sasa ni mzee, na ndiye pekee aliyebaki kule. Alipokea kwa furaha, akauliza watoto, akauliza kazi, akauliza kama Nairobi kunanyesha. Nilimwacha amalize.

"Baba mdogo, jana nimeona kiazi kikuu sokoni. Kina kichwa."

"Huko Nairobi mnauziwa kila kitu."

"Cha nyanya kiko?"

"Mwanangu, si uliweka sahihi?"

Niliweka. Hilo ndilo sijakuambia bado. Mwaka jana mtoto wa baba mdogo alinijia hapa Mowlem na karatasi. Alisema ukoo unauza kile kilima, mawe matupu, mahali pasipolimika hata bamia. Kuna watu wanaotaka ile changarawe nyekundu kwa ajili ya barabara na matofali. Wote walikuwa wamekubali, ilibaki sahihi yangu kwa niaba ya marehemu baba. Nilimkaribisha chai, nikamuuliza habari za mke wake, nikaweka sahihi kwenye meza hiihii ninayoandikia. Nilifikiria ndama na lile bakuli la nyasi, nikaona huzuni kidogo, nikaimeza. Sikuuliza kilima kinaishia wapi. Mimi, niliyelala ubavu chini ya mti ule, sikukumbuka kwamba unasimama pale kilima kinapokutana na shamba.

"Tingatinga lilihitaji njia," baba mdogo akaendelea. "Mti ulikuwa njiani. Mnunuzi mwenyewe alikuwa mtu wa heshima, alitupa siku tatu tutoe tunachotaka. Sasa ningefanyaje? Vijana walichimba viazi vyote, wakapakia."

"Na vichwa?"

"Vingerudishwa wapi?"

Nikamuuliza kama angalau udongo wa pale chini ya mti umebaki, hata kipande, hata kama ni cha kupandia kwenye gunia.

"Hapo chini ndipo walipoikuta nyekundu nzuri zaidi," akasema. "Sasa ni shimo. Ukisimama jikoni kwa mama unaona hadi bondeni, kilima hakikuzuii tena. Nyanya yako na babu yako wamezikwa upande wa barabara, huko hawajafika." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Hawajafika bado."

Sikumlaumu. Baba mdogo alinibeba mgongoni nilipoumwa surua. Alikuwa akinieleza kwa upole kama ninavyowaeleza watoto wa chekechea jambo lisiloweza kubadilishwa. Mwishoni aliniambia nisilie, na mimi nikamwambia silii, na sote wawili tukajua.

Nilipokata simu, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Yuko chuo mwaka wa pili, amezaliwa na kukulia hapa, na anaifahamu Nyambene kwa mazishi tu. Alikuwa amekishika kile kiazi kwa vidole viwili.

"Mathe, hii kitu iko na nywele. Ni ya kupika ama ni kuni?"

"Ni ya kupika. Lakini kwanza lete kisu na majivu."

"Majivu tutatoa wapi na tunapikia gesi?"

Akaenda kwa jirani wa chini anayechoma mahindi, akarudi na kikombe cha majivu, akicheka kwamba jirani amemuuliza kama mama yake ameanza uganga. Nilikigeuza kichwa kile huku na huku chini ya taa. Nilitafuta kitu chochote kitakachoniambia kwamba ni kile cha babu, alama ya pale nilipovuta siku ile, kupinda, kovu. Sikuona. Vichwa vya viazi vikuu vyote vinafanana. Huenda kilikuwa chetu. Huenda ni cha mtu mwingine ambaye naye aliwekewa karatasi mezani. Nikapima upana wa kiganja, nikakata, nikapaka majivu kwenye kidonda.

Nilikipanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, kwa udongo nilioletewa na kijana anayeuza miche kando ya barabara. Ni udongo mweusi wa Nairobi, wa kunata, ambao mvua ikinyesha unajaa maji na jua likiwaka unapasuka. Nimepanda vitu vingi kwenye makopo maishani mwangu, na naujua udongo utakaoozesha kitu mara tu ninapoushika.

Nyama iliyobaki niliipika. Binti yangu alionja, akasema ni poa, ni kama waru, vile viazi vya kawaida, lakini kavu, akaongeza chumvi, akala tena. Nilifurahi kumwona akila. Mimi nilipitisha sahani. Nilipotambua nilichofanya, ilikuwa imeshafika upande wa pili wa meza.

Ndoo iko kwenye kiroshani chetu, kati ya mtungi wa maji na kamba ya nguo. Kabla ya kulala binti yangu aliinama akaichungulia.

"Itamea?"

Kazi yangu yote ni kumwambia mtoto kwamba itamea, tusubiri, tumwagilie, tusikate tamaa. Nilimtazama, msichana mkubwa sasa, nikaona anastahili ukweli.

"Haitamea," nikamwambia.

"Sasa mbona umeipanda?"

Badala ya kumjibu, nikamfunza lile lililobaki la kufunzwa. Nikamwonyesha jinsi ya kutandaza majani makavu juu ya udongo, nikamwambia kwamba kichwa kisione jua, na kwamba zamani mtu alisimama yeye mwenyewe ili kivuli chake kianguke juu ya shimo. Alisikiliza vizuri. Kisha akatazama juu, kwenye ghorofa la jirani lililojengwa mkono mmoja tu kutoka kwetu, ambalo tangu lilipokamilika tunawasha taa hata saa sita mchana.

"Hiyo moja usijali, mathe," akasema. "Hapa jua haifiki."